Kijana wangu wa Urambo anataka kuwa mchezaji gofu wa kulipwa. Niuze ng'ombe?

Swali: Mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo, mkoani Tabora. Kijana wangu ana miaka 19. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda kwa mjomba wake Morogoro, akawa kedi, anabeba fimbo za wacheza gofu, na mwenyewe akajifunza kucheza. Sasa amerudi nyumbani. Anasema amewahi kumaliza kiwanja kwa mikwaju 76, na kuna mwalimu amemwambia amlipe ili amwandalie karatasi za kuwa mchezaji wa kulipwa. Anataka niuze ng'ombe wanane apate kama milioni sita za fimbo na safari. Gofu mimi nimeiona kwenye televisheni tu. Je, hii ni kazi kweli? Inalipa nini, inadumu miaka mingapi, na ikimshinda atabaki na nini? Mdogo wake wa kike, miaka 12, naye ameanza kumwiga kwa fimbo za kaka yake.

Jibu:

Shikamoo mzee wangu, na poleni na shughuli za msimu.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kazi hiyo ipo, na wapo Watanzania wanaoishi kwayo. Ng'ombe wanane usiuze. Kijana asigeuke mchezaji wa kulipwa mwaka huu wala mwakani. Abaki mchezaji wa ridhaa, yaani asiyecheza kama kazi ya kulipwa, mpaka kadi zake za mashindano, zile za kuandikia mikwaju, zimsemee. Na huyo anayetaka alipwe kwa ajili ya karatasi, msimpe hata shilingi. Mtu akitaka kuwa mchezaji wa kulipwa hupitia chama, kwa utaratibu unaojulikana na kwa kuonyesha kiwango chake kiwanjani. Hakuna karatasi ya kununua kwa mtu mkononi.

Mimi nafundisha gofu, lakini nimekulia Tabora mjini, mtaa wa Cheyo. Najua ng'ombe wanane ni kitu gani katika nyumba ya mkulima, na najua msimu mmoja wa tumbaku ukienda vibaya ni hao hao wanaookoa watoto. Kwa hiyo sitakuambia "mwache afuate ndoto yake", wala sitakuambia kwamba gofu ni mchezo wa matajiri usiokuhusu. Twende kwenye hesabu.

Tuanze na hiyo 76, maana hapo ndipo pana jambo zima. Kiwanja kamili cha gofu kina mashimo 18, na kila shimo limewekewa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia, inaitwa pa. Jumla yake katika viwanja vingi ni 72. Kijana wako akisema 76 maana yake amezidisha minne. Kwa mtu aliyejifunzia kwenye fimbo za kuazima huku akibeba begi la mwingine, hiyo ni alama nzuri sana, nampongeza, na wewe mpongeze. Ila kabla hujaifanyia biashara muulize maswali haya, na umtazame usoni anapojibu. Alicheza siku ya mashindano, au Jumatatu, siku ambayo vilabu vingi huwaachia makedi wacheze wenyewe kwa wenyewe? Alianzia alama za nyuma kabisa, wanakoanzia wachezaji wa kulipwa, au za mbele ambako kiwanja kinapungua mamia ya mita? Kila mpira aliutumbukiza shimoni mwenyewe, au wenzake walimwambia "okota, huo umeingia" ukiwa bado hatua moja? Kuna mtu aliyetia saini kwenye kadi? Na hiyo 76 ni ya mara ngapi? Ni ya kawaida yake, au ni ile siku moja ambayo kila kitu kilikubali?

Siulizi hivyo kwa kumdharau. Vijana wote wenye kipaji hukumbuka siku yao bora, na hata mfumo wa mchezo wenyewe unawasaidia kuikumbuka. Tangu 2020 dunia nzima inatumia mfumo mmoja wa kupima kiwango cha mchezaji wa ridhaa, unaoitwa handikapu. Unachukua raundi zake 20 za mwisho, unachagua 8 zilizo bora, wastani wake ndio unaotoa handikapu. Zile 12 mbaya zinawekwa pembeni. Kwa mchezo wa klabu mfumo huo ni wa haki kabisa. Lakini mashindano ya kulipwa hayachagui. Yanajumlisha kila mkwaju wa kila siku. Mtu anayecheza 74 Alhamisi, 73 Ijumaa, kisha 80 Jumamosi, ile 80 inaingia kwenye hesabu pamoja na nyingine. Kijana anayejitambulisha kwa raundi yake bora hajaanza kufikiri kama mchezaji wa kulipwa. Siku atakayokuja akuambie "baba, wastani wangu wa mashindano kumi ni huu, na raundi yangu mbaya kuliko zote ni hii", siku hiyo kaa chini umsikilize.

Fikiria pia kwamba 76 kwa siku nne ni 304, yaani 16 juu ya pa. Washindi wa mashindano makubwa ya ukanda huu humaliza chini ya pa, mara nyingi kwa mikwaju kumi na zaidi. Pengo kati yake na wao si la mikwaju minne. Ni zaidi ya ishirini na tano kwa wiki, na hao wanacheza viwanja wasivyovizoea, wamelala hotelini, chakula kimewasumbua, na bado wanafika hapo.

Sasa kazi yenyewe. Watu husema "mchezaji wa kulipwa" kama vile ni kitu kimoja, kumbe ni kazi mbili tofauti. Kuna anayeishi kwa zawadi za mashindano, na kuna anayeishi kwa klabu: anafundisha, anauza na kutengeneza fimbo, anaandaa mashindano ya wanachama. Wote huitwa maprofesheno. Marekani wenyewe walikuwa chama kimoja tangu 1916, na ilipofika 1968 wachezaji wa mashindano wakajitenga na wale wa vilabu, kwa sababu maslahi yao yalikuwa yameshakuwa mbalimbali. Huko ndiko ilikotoka PGA Tour, mzunguko wa mashindano ya kulipwa wa Marekani. Televisheni inaonyesha kundi la kwanza tu. Lakini hapa Afrika Mashariki, wengi wenye mkate wa kila siku wanaupata kwenye kundi la pili, na zawadi ya mashindano inakuwa nyongeza. Kijana wako anapaswa kuambiwa hivyo mapema, na aambiwe kama habari njema, kwa sababu kazi ya pili ndiyo inayolisha familia.

Kuhusu zawadi nikupe mfano wa karibu. Mashindano ya wazi ya Kenya ndiyo makubwa kuliko yote ukanda huu, yamo kwenye mzunguko wa DP World Tour wa Ulaya. Mwaka 2025 yalichezwa Muthaiga, Nairobi, zawadi ya jumla ikiwa dola milioni 2.5. Mshindi, Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini, aliondoka na dola 425,000. Ukisikia hivyo, ng'ombe wanane wanaonekana kitu kidogo. Lakini sikiliza upande wa pili. Katika mashindano ya namna hiyo, baada ya siku mbili kuna mchujo: wanabaki kama 65 bora na waliofungana nao, wengine, kama nusu ya waliokuja, wanafungasha Ijumaa jioni. Hao hawapati kitu. Tiketi ya ndege, hoteli, chakula na malipo ya kedi vyote ni juu yao. Na kwa wale wa juu kedi ana fungu lake pia. Desturi ya mizunguko mikubwa ni asilimia 10 ya zawadi ya mshindi. Halafu kumbuka kwamba mashindano hayo yalianza 1967, na mpaka leo hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda, pamoja na kuwa viwanja walivyo navyo Kenya ni vingi mno kuliko vyetu. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, aliyemaliza wa pili 1998.

Wewe unalima tumbaku, kwa hiyo utanielewa haraka. Mwaka mzima unatoa tu: pembejeo za mkopo kupitia chama cha msingi, kuni za kukaushia, vibarua. Pesa unaiona siku moja, majani yakiwa mezani kwa mteuzi, naye ndiye anayesema hili ni daraja gani. Mchezaji wa mashindano anaishi hivyo hivyo kila wiki, isipokuwa kwamba wewe hata jani lako likiteuliwa daraja la chini linalipwa chochote. Yeye akikosa mchujo kwa mkwaju mmoja analipwa sifuri.

Ndiyo sababu nasema abaki ridhaa. Watu wengi wa kwetu wanadhani kuwa mchezaji wa kulipwa ni kupanda cheo. Kwa kijana wa miaka 19 asiye na mfadhili, mara nyingi ni kufungiwa mlango. Mchezaji wa ridhaa ndiye anayeweza kuitwa timu ya taifa ya ridhaa, chini ya Chama cha Gofu Tanzania, TGU, na timu ikisafiri hasafiri kwa fedha za ng'ombe wa baba yake. Anaweza kwenda kombe la nchi za Afrika Mashariki, akaona viwanja vya Uganda, Kenya, Rwanda. Akipanda zaidi yapo Mashindano ya Ridhaa ya Afrika, yaliyoanza 2024 katika kiwanja cha Leopard Creek, Afrika Kusini. Bingwa wa 2025, Bryan Newman, alipata nafasi ya kucheza The Open, moja ya mataji manne makubwa ya gofu, kule Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, mwaka huo huo, pamoja na wakubwa wote wa dunia. Hiyo nafasi angeikosa kama angekimbilia kuitwa profesheno. Vikombe vya ridhaa vinavyochezwa mwaka mzima Dar es Salaam (pamoja na klabu ya Lugalo), Arusha, Moshi na Morogoro navyo vinafungwa kwake siku anapogeuka.

Na siku hizi sheria za ridhaa zimelegezwa mno. Mpaka 2021 mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kupokea zawadi ya fedha taslimu ya mashindano. Tangu 2022 anaruhusiwa, hadi dola 1,000 au pauni 700. Kubwa zaidi, anaruhusiwa kuwa na mfadhili. Mwenye duka la pembejeo Urambo akitaka kumlipia nauli na kuweka jina la duka lake kwenye begi, hakuna kosa. Kubeba fimbo na kulipwa pia si kosa. Kedi anabaki ridhaa. Kosa lililo rahisi kumponza ni kufundisha. Akianza kumwelekeza mtu jinsi ya kupiga mpira na kuchukua elfu kumi, hadhi yake ya ridhaa imeingia doa. Mwambie hilo leo, maana vijana wanaocheza vizuri huombwa hivyo kila siku na hawajui. Na ikitokea mtu amegeuka wa kulipwa akajuta, anaweza kuomba arudishiwe hadhi ya ridhaa, ila ni maombi na kusubiri, na hakuna anayemhakikishia.

Njia ikifunguka baadaye, inakwenda hivi. Ataanza na mashindano ya kulipwa ya hapa nyumbani. Siku hizi yako ya kutosha kuliko zamani, hasa tangu Lina PG Tour, mfululizo wa kumuenzi marehemu Lina Nkya, mcheza gofu wetu, ulipoanza 2024 na kuzunguka viwanja vyetu. Kisha Kenya, kwenye mashindano yao ya kulipwa, na tawi la Afrika Mashariki la Sunshine Development Tour, ambalo ni ngazi ya kupandia Sunshine Tour ya Afrika Kusini. Baada ya hapo ni mitihani ya kufuzu. Ule wa DP World Tour una hatua tatu. Ya mwisho ni raundi sita, mashimo 108, na wanaopata kadi, yaani haki ya kucheza mzunguko huo, ni 20 bora na waliofungana nao. Ada ya kuingia tu inazidi pauni elfu moja. Nayataja haya ili ujue ngazi ni ndefu na kila kidato kina bei yake, na kwamba milioni sita haimfikishi hata katikati. Fedha hiyo ingeisha kwenye kidato cha kwanza.

Umri usikutie hofu. Kumi na tisa kwa gofu si uzee. Nitakupa mtu mmoja ambaye kisa chake kinafanana na cha nyumba yako. Y.E. Yang alizaliwa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, baba yake akiwa mkulima wa mbogamboga. Alianza gofu akiwa na miaka 19, kazi yake ikiwa ni kuokota mipira kwenye kiwanja cha mazoezi, na usiku anapiga ya kwake. Akawa wa kulipwa 1996. Agosti 2009, kwenye PGA Championship kule Hazeltine, Marekani, alicheza siku ya mwisho pamoja na Tiger Woods, ambaye hakuwahi kupoteza taji kubwa akiwa anaongoza kuingia raundi ya mwisho. Yang akamshinda, akawa mwanamume wa kwanza mzaliwa wa Asia kutwaa moja ya mataji manne makubwa. Alikuwa na miaka 37. Hesabu vizuri: miaka 18 tangu ashike fimbo, miaka 13 tangu awe wa kulipwa. Mwonyeshe kijana wako picha za Yang, lakini mwonyeshe na hiyo miaka.

Kuhusu kudumu, huu ni mchezo wenye umri mrefu kuliko soka. Mguu wa mpira wa miguu ukifika miaka 35 umechoka. Mcheza gofu bado. Vijay Singh wa Fiji alifundisha gofu Borneo miaka ya ujana wake akiwa hana kitu, akashinda Nigeria Open 1988, na sehemu kubwa ya mataji yake 34 ya PGA Tour aliyapata akiwa amevuka miaka 40. Phil Mickelson alishinda PGA Championship ya 2021 akiwa na miaka 50. Kinachokatisha kazi mapema ni mgongo na vifundo vya mikono, na zaidi ya hivyo, kuishiwa nauli.

Sasa nini kifanyike. Kwanza arudi Morogoro akaendelee na kazi ya ukedi, au kama ana ndugu Dar es Salaam aende akaulizie nafasi Lugalo. Urambo ni nyumbani, lakini hatapata hapo kiwanja wala mashindano. Siku hizi safari si mateso ya zamani: akifika Dodoma kwa basi, treni ya umeme inamshusha Morogoro. Ukedi asiuone kama kazi ya aibu ya kupita tu. Anayebeba begi la mchezaji mzuri kwa saa nne anajifunza mahali pa kuulenga mpira, upepo unasemaje, griini (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo) inateremka wapi, na kwa nini mtu mwenye akili hupiga fimbo ndogo pale ambapo kijana angepiga kubwa. Sehemu nzuri ya wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki wametokea hapo.

Pili, uza ng'ombe wawili, si wanane. Kwa bei ya mmoja, au mmoja na kitu, atapata seti ya mtumba iliyo katika hali nzuri. Asinunue mpya, na asinunue fimbo 14 kwa sababu tu sheria inaruhusu 14. Nane zinamtosha kwa sasa. Fimbo ya griini na fimbo za mikwaju mifupi ya kuikaribia griini ndizo asizofanyie ubahili. Viatu vya gofu jozi moja. Kinachobaki ni ada na nauli ya mashindano ya ridhaa, angalau manne kwa mwaka, katika viwanja tofauti. Fedha usimkabidhi zote. Mpe ya shindano moja, akirudi akuletee kadi iliyotiwa saini, ndipo umpe ya jingine.

Tatu, akiwa nyumbani wakati wa likizo asikae bure. Nusu ya pa, yaani mikwaju 36 kati ya 72, imepangwa ichezwe kwenye griini, miwili kwa kila shimo. Griini huna, lakini uwanja wa nyumba uliofagiwa na kushindiliwa unao. Achimbe kishimo chenye upana wa sentimita 10.8, apime kwa rula, asikadirie, na atie kopo ndani lisibomoke. Asimame hatua tatu asukume mipira 50, aandike imeingia mingapi kwenye daftari lenye tarehe. Kesho tena. Mpira kwenye udongo uliofagiwa haukimbii kama kwenye nyasi, ila uso wa fimbo ukiwa umepinda kidogo utamwumbua papo hapo, na hilo ndilo tunalotaka. Kwa mikwaju mirefu atafute nyavu kuukuu ya dagaa kutoka Kigoma, ambayo matundu yake mpira hauwezi kupita, aikunje mara mbili na kuitundika kati ya miti miwili. Asiivute ikakaza; iachwe ilegee, la sivyo mpira utamrudia. Na popote anapopiga, shamba lililovunwa au uwanja wa shule, pasiwe na mtoto wala mfugo mbele yake. Mpira wa gofu una gramu kama 46 tu, lakini ukitoka kwenye fimbo unaua. Hili nalisema kwa uzito wote kwa sababu huyo binti wa miaka 12 anapenda kusimama karibu na kaka yake.

Nne, mpeane miaka miwili, na mkubaliane sasa, mbele ya mama yake. Baada ya misimu hiyo miwili mchukue kadi zake zote za mashindano, nzuri na mbaya, kutoka viwanja visivyopungua vinne, mjumlishe na kugawa. Wastani ukibaki 76 au zaidi, ana mchezo mzuri wa kumpa heshima na marafiki, lakini hana kazi ya mashindano. Ukiwa 74 na unashuka, mpeni mwaka mwingine. Ukifika 72 au chini, na ameshaitwa kwenye mazoezi ya timu ya taifa, hapo nitakuambia mimi mwenyewe kwamba wakati wa kuzungumzia kulipwa umefika, na kufikia hapo sitegemei kwamba atahitaji ng'ombe wako; mtu wa kiwango hicho hupata wa kumshika mkono. Hizi namba ni kipimo changu cha kazini, si sheria ya chama, lakini sijaona kijana aliyefika mbali akiwa juu yake.

Uliuliza ikimshinda atabaki na nini. Atabaki na vingi kama atajifunza akiwa njiani. Ajifunze sheria za gofu mpaka aweze kuzisimamia, maana mashindano yanahitaji waamuzi. Ajifunze Kiingereza cha kuzungumza na wanachama. Ajifunze nyasi: namna griini inavyokatwa, inavyomwagiliwa, inavyotiwa mchanga, kazi ambayo viwanja vyetu vinahangaika kupata watu wanaoijua vizuri. Ajifunze kubadilisha mishikio ya fimbo na kuzirekebisha. Na akishindwa mashindano kabisa, wakati huo ndipo ageuke wa kulipwa upande wa ualimu, kwa mafunzo na mtihani. Ualimu unataka subira na jicho, na wapo walimu wazuri ambao hawakuwahi kushinda chochote. Kama hataki hata hayo, VETA ya Tabora ipo na miaka 21 bado ni mapema.

Nimalizie na binti, kwa sababu ulimtaja kwenye mstari wa mwisho na mimi nimemfikiria sana. Anaanza akiwa na miaka 12, miaka mingi kabla ya kaka yake. Kwa wasichana wa Tanzania nafasi ya timu ya taifa haina msongamano kama ya wavulana, na chama chao wenyewe kipo, TLGU. Madina Iddi wa Arusha, akicheza kama mchezaji wa ridhaa, amelibeba jina la nchi hii kwenye viwanja vya nje miaka na miaka, na wasichana wanaocheza sasa wanamtaja yeye. Usimnunulie chochote bado. Ila hizo fimbo za kaka yake ni ndefu na nzito kwake. Zitamfundisha kuinama vibaya na kupiga kwa mabega, na tabia hiyo huchukua miaka kuiondoa. Kijana akipata seti yake ya mtumba, achukue fimbo namba saba ya zamani, aikate upande wa mshikio, avalishe mshikio mwembamba, na urefu wake aupime binti akiwa amesimama wima na viatu vyake vya shule miguuni.